Panya wa Modeli Moja Hawatoshi: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mfuko wa Utafiti wa Afya

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni fundi wa maabara mstaafu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwaandaa panya wa utafiti wa majeraha ya ubongo. Unamlaza panya kwa nusukaputi, unamnyoa utosi, unakibana kichwa kisicheze, kisha unatoboa fuvu tundu dogo la mviringo pasipo kuuchana utando ulio chini yake. Tundu hilo linaunganishwa na silinda iliyojaa maji. Upande wa pili kuna nyundo inayobembea. Ukiiachia inagonga pistoni, na msukumo wa maji unaupiga ubongo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Halafu kimya. Unamlaza chali na kuhesabu sekunde mpaka ajigeuze mwenyewe. Sekunde hizo zinaingia daftarini, kwa kuwa zinasaidia kukadiria kaumia kiasi gani.

Sikuandikii ili kazi hiyo isimame. Hadi leo hatuna dawa iliyothibitishwa kuukinga ubongo usiendelee kufa baada ya kipigo, na sioni itapatikanaje bila maabara. Ombi langu ni hili: usitoe fedha za kupeleka dawa kwa wagonjwa kabla haijapita kwenye modeli zaidi ya moja, yaani namna zaidi ya moja ya kumwumiza mnyama ili jeraha lifanane na la mtu, katika maabara zaidi ya moja, kwa masharti yale yale.

Unaikumbuka projesteroni, homoni iliyojaribiwa kama dawa ya jeraha la ubongo. Kwa panya ilipunguza uvimbe wa ubongo na kuwarudishia uwezo wa kujifunza, na ripoti nzuri zilikuwa nyingi. Lakini kila maabara ilikuwa na modeli yake, dozi yake na saa yake ya kuchoma sindano. Mwaka 2014 yakatoka matokeo ya majaribio mawili makubwa kwa binadamu: ProTECT III, lenye wagonjwa 882, na SYNAPSE, lenye wagonjwa 1,195. Waliopewa homoni hiyo hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Kila mmoja wa wagonjwa hao alikuwa na ndugu waliokaa nje ya mlango wakiomba Mungu.

Tatizo ni kwamba "jeraha la ubongo" ni jina moja la mambo mengi. Katika modeli moja, pistoni inayosukumwa kwa hewa hadi kina kilichopimwa kwa milimita inaacha kovu mahali pamoja, na ndiyo sababu watafiti wanaipenda: kila panya anatoka na jeraha linalofanana na la mwenzake. Modeli ya mtafiti Marmarou ya mwaka 1994 inadondosha uzito wa gramu 450 juu ya kisahani cha chuma kilichogundishwa kwenye fuvu, panya akiwa juu ya sponji. Hiyo inachana nyuzi za neva huku na huku bila kuacha shimo. Dawa inayotuliza jeraha la kwanza si lazima iguse la pili. Na mgonjwa wa ajali ya barabarani mara nyingi anayo yote mawili, pamoja na damu iliyovia, presha iliyoshuka na mguu uliovunjika.

Kuna pia suala la umbo. Mwaka 1943 mwanafizikia Holbourn alionyesha kwa hoja za fizikia kwamba kichwa kinapozungushwa ghafla, ubongo hujikata wenyewe kwa ndani. Ubongo wa panya una gramu mbili hivi na ni laini usio na mikunjo. Wa mtu unapita gramu 1,300, umekunjamana, na una nyuzi ndefu zinazovutika. Kwa hiyo mzunguko unaomzimisha mtu hauwezi kumfanya panya vivyo hivyo. Nguruwe yuko karibu zaidi nasi kwa hilo, lakini ni ghali, na maabara nyingi zinamkwepa.

Mengine ni ya kujitakia. Tulitumia panya madume vijana, ilhali wodini wamejaa wazee walioanguka. Tulichoma dawa dakika 15 baada ya kipigo. Mgonjwa gani hufika hospitali kwa dakika 15? Hata isoflurani, nusukaputi tuliyowalazia panya wetu, inajulikana kuukinga ubongo kwa kiasi fulani.

Njia bora imeshaonyeshwa. Huko Marekani mradi wa Operation Brain Trauma Therapy kwa kuanzia ulichukua dawa tano na kuzipitisha kwenye modeli tatu za panya, kila modeli katika kituo chake, wapimaji wakiwa hawajui nani kapewa nini. Nyingi hazikufua dafu. Levetirasetamu, dawa ya kifafa, ndiyo iliyosimama vizuri kuliko zote. Kujua mapema kwamba dawa haifai ni faida, Mheshimiwa. Na kabla ya panya, tuanze na seli zilizooteshwa kwenye utando wa silikoni unaovutwa ghafla. Hazina fuvu wala uvimbe wa kulibana, lakini zinaweza kuondoa dawa dhaifu bila kumgusa mnyama.

La mwisho ndilo linaloniuma. Nilipokuwa kazini tulijaribu dawa moja kwa panya 32. Kila asubuhi tuliwatia kwenye beseni kubwa la maji yaliyotiwa rangi nyeupe watafute jukwaa lililofichwa chini, ili kupima kumbukumbu yao. Nakumbuka mmoja, alama yake mistari miwili ya wino mkiani, akizunguka ukingoni siku tano mfululizo, pua juu, asilipate. Alikuwa amepewa dawa. Wenzake wa kundi lile nao hawakulipata. Matokeo hayakuchapishwa, na baadaye nikasikia maabara nyingine imeomba fedha kuijaribu dawa ile ile. Wanasayansi Russell na Burch waliandika mwaka 1959 kwamba tupunguze idadi ya wanyama tunaowatumia. Tutapunguzaje, ikiwa tunawaumiza upya kwa swali lililokwisha kujibiwa?

Weka sharti kwamba kila jaribio lisajiliwe kabla ya kuanza, na mkupuo wa mwisho wa fedha usitolewe mpaka matokeo yachapishwe, yawe mazuri au mabaya. Daftari la panya wale 32 liliachwa kabatini. Ukiweka sharti hilo, nitakwenda mwenyewe kuomba lifunguliwe.

Wako mtiifu,
Fundi wa maabara mstaafu