Mwezi wa Saba bahari haiwi kioo

Mhariri,

Mimi ni mshona nyavu wa hapa Pangani. Bahari niliiacha mgongo uliponigomea, ila gazeti lenu la Jumapili sijaliacha, na hadithi fupi ndiyo naanza nayo, kabla hata ya habari za mpira.

Hadithi ya wiki iliyopita imenikera. Aliyeiandika anajua kuandika, ndiyo maana nimekereka. Ndugu wawili wanatoka na ngalawa mwezi wa Saba, usiku hawarudi. Mama yao yuko ufukweni anawangoja. Hapo mwandishi anasema bahari "ilitulia kama kioo" na mwezi "ulitabasamu". Mwezi wa Saba ni kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, jamani! Kusi ikikaza, wenye vyombo vidogo hushinda barazani wakicheza bao. Maji ya kioo utayaona wakati wa maleleji, kusi ikishachoka na kaskazi haijashika. Kwa neno la kuokota tu, kanitoa ufukweni kwa yule mama, kanirudisha kwenye kigoda changu.

Binti yangu anasoma fasihi kidato cha sita. Akanitetea mwandishi: "Baba, hiyo ni tashbihi, na huo mwezi ni tashihisi. Ni mapambo ya lugha." Nikamwuliza, mama anayengoja maiti atauona mwezi unatabasamu? Labda, kama tulitakiwa tuuchukie mwezi wenyewe kwa kumcheka mtu msibani. Hapo ningevua kofia. Lakini aya ya pili mwezi haumo tena; ulipita tu.

Mahali pamoja alinipata. Ngalawani upepo unageuka ghafla, naye hataji hofu hata kidogo. Anaandika tu tanga likipiga "pwata, pwata, pwata". Nilikuwa nimeshika wavu, nikauweka chini. Ndio mlio wenyewe wa tanga lililopotewa na upepo, na ukiusikia gizani, mikono hukimbilia kamba kabla akili haijafika. Kisha ukurasa wa mwisho, asubuhi, mama yuko uani anakung'uta shuka la wanawe: pwata, pwata, pwata. Hatuambiwi wamepatikana au la. Binti yangu, aliyekuwa akinisomea kwa sauti maana miwani yangu imevunjika mkono, alinyamaza hapo.

Sasa mtu wa kuweza hayo, kioo cha nini?

Mshona nyavu,
Pangani