Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: viini macho katika somo la lugha, Lubumbashi

Ndugu wanachama, walimu wenzangu,

Tulipoanza mwaka tulikuwa na kilio kimoja: wanafunzi wetu wanaelewa Kifaransa lakini hawakisemi. Uwe Katuba, uwe Kamalondo, mwalimu akiuliza swali vichwa vinainama, halafu watatu wa dawati la mbele wanajibu kwa niaba ya darasa zima. Nyumbani na sokoni ni Kiswahili chetu. Kifaransa kimebaki lugha ya daftari na mtihani. Mtoto ananyamaza kwa sababu hana neno linalomwasha la kusema kwa lugha hiyo. Kiini macho kinampa neno. Uzi umekatwa mbele ya macho yake, sasa ni mzima. Atauliza tu, na mwalimu hapokei swali lisilo la Kifaransa.

Kilichotufaa kuliko vyote hakidai hata uzi. Mwanafunzi anachagua namba ya tarakimu tatu, ya kwanza ikiwa kubwa kuliko ya mwisho. Anaigeuza, anatoa ndogo kwenye kubwa, kisha jibu analigeuza na kulijumlisha, kila hatua akiisoma kwa sauti. Binti mmoja wa darasa la saba, ambaye tangu Septemba sikuwahi kusikia sauti yake, alichagua 752. Alisimama ubaoni, chaki mkononi: «sept cent cinquante-deux». Akatoa 257, akakwama kwenye jibu. Wenzake walipoanza kumnong'oneza aliwainulia mkono wanyamaze, akalitamka mwenyewe, polepole: «quatre cent nonante-cinq». 495 na 594 ni 1089. Nikakunjua karatasi niliyoiandika kabla ya somo: «mille quatre-vingt-neuf». Darasa zima lilisimama. Maswali yaliyofuata yalikuwa na makosa mengi ya sarufi, nami sikusahihisha hata moja siku ile.

Ila namba hiyo ina mtego, na mimi ulininasa mbele ya mkaguzi. Kijana alichagua 443. Alipotoa 344 alibaki na 99, akaigeuza, akajumlisha, akapata 198. Kosa lilikuwa langu: sikuwaambia kwamba 99 huandikwa 099, ili ikigeuzwa iwe 990 na jumla irudi kuwa 1089. Niliumia sana. Kesho yake kijana yuleyule aliingia darasani na jibu: «Monsieur, on a oublié le zéro», yaani tulisahau sifuri. Akaja ubaoni kutueleza, kwa Kifaransa, kwa muda mrefu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumsikiliza. Tafadhali, ionyesheni sifuri hiyo tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi. Mama mmoja alifika getini akilia. Mwanawe alikuwa amefanya kiini macho cha uzi nyumbani, na jioni ileile watu wa ukoo wakaanza kusema mtoto ni mulozi. Sote tunajua katika mji huu neno hilo linaweza kumfikisha mtoto wapi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, lakini usiku ule sheria haikuwa kando ya kitanda chake. Tulikwenda wawili, na uzi wetu. Tukamwonyesha bibi yake kwamba kinachokatwa ni kipande kifupi kilichobanwa kati ya gumba na kidole cha shahada, na uzi mrefu haukuguswa kabisa. Bibi akaomba mkasi, akajaribu mara tatu. Mara ya tatu alimwita jirani aje aone.

Tangu siku hiyo nimeshika msimamo: kiini macho kisichofunuliwa kisiingie darasani. Wapo wenzetu wanaosema siri ikitoka hamu inakufa. Siwaungi mkono. Mtoto aliyefunuliwa siri ndiye anayerudi kuwaeleza wadogo zake, na kueleza ndiyo lugha yenyewe. Tena, sanaa hii ikifichwa inageuka fimbo. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa aliyegeuka mwanamazingaombwe, kwenda Algeria ili kuvunja heshima ya viongozi wa dini. Alikuwa na sanduku dogo ambalo mwanamume mwenye nguvu alishindwa kuliinua, kumbe sumaku ya umeme ililishika kwa chini. Watu waliotawaliwa walioneshwa kwamba nguvu zao zimechukuliwa. Sisi tufanye kinyume chake, kila somo.

Hesabu za ada mhazini ameshazisoma, sizirudii. Uzi na viberiti tulivyotumia tulichangishana, nawashukuru. Mafunzo ya walimu wa Kiingereza hayakufanyika. Yawe ya kwanza mwaka ujao.

Naomba, kabla hatujaingia kwenye uchaguzi, tupige kura juu ya kifungu kimoja cha kanuni zetu: mwalimu atafunua siri kabla kengele ya mwisho wa somo haijalia, na kila mwanafunzi atakijaribu kiini macho kwa mikono yake kabla hajakipeleka nyumbani.