Jedwali lenu la shilingi mbili

Mhariri,

Nimewasoma kwa miaka mingi bila kuandika neno, lakini lile jedwali lenu linaloonyesha shilingi 1 ya Kenya ni shilingi ngapi za Tanzania, mwaka kwa mwaka tangu 1966, limenishinda. Namba zake nyingi ni sahihi, na hilo ndilo linaloudhi, maana kosa la wazi mtu angelicheka na kufungua ukurasa wa michezo.

Mnasema sarafu hizi zilianza zikiwa sawa sokoni. Soko lipi? Tanzania ilitoa noti zake Juni 1966, Kenya Septemba, kurithi shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na zote zilipangiwa kuwa 20 kwa pauni. Pauni iliposhushwa Novemba 1967 kutoka dola 2.80 hadi 2.40, shilingi zetu hazikuifuata. Zilibaki kwenye 7.14 hivi kwa dola, na pauni ikawa shilingi 17.14. Usawa wa moja kwa moja uliwekwa na serikali. Hakuna muuzaji wala mnunuzi aliyeupigia bei.

Lakini mstari wa 1985 ndio ulionikera kuliko yote. Mnamwambia kijana wa leo kwamba shilingi 1 ya Kenya ilipatikana kwa shilingi 1.06 ya Tanzania. Ilipatikana kwa nani, dirisha gani? Mmechukua wastani rasmi wa dola Dar es Salaam, 17.47, mkaugawa kwa wa Nairobi, 16.43. Hesabu haina kasoro. Ila fedha za kigeni wakati huo zilikuwa za kuombewa kibali, na waliopewa walikuwa wachache. Mpaka wenyewe ulifungwa 1977, ukafunguliwa 1983, mwaka uleule Tanzania ilipowasaka walanguzi na wafanya magendo, walioitwa wahujumu uchumi. Aliyetaka shilingi ya Kenya ili alete sabuni au vipuri aliitafuta kwa magendo, kwa bei iliyozidi hiyo 1.06 yenu mara kadhaa. Halafu mnaingia 1986 na kuandika 2.01, kana kwamba kuna siku watu walibadilishana hivyo mwaka mzima! Dola ilianza mwaka ule ikiwa karibu 17, Juni ikafikishwa 40, na Desemba ilikwisha pita 50. Wastani wa 32.70 mliotumia ni kituo ambacho basi halikusimama. Na mchoro mlioweka chini yake unaonyesha shilingi ya Tanzania ikianguka ghafla, wakati sehemu kubwa ya kilichotokea ni bei ya serikali kuanza kuikaribia bei ya vichochoroni iliyokuwapo siku zote.

Mstari mmoja usiokatika wa mchoro huo, kutoka 1966 hadi leo, unaunganisha vitu vitatu visivyolingana. Kwanza ni bei ya kupangwa. Pili ni bei rasmi iliyokuwa ikishushwa hatua kwa hatua baada ya 1986. Tatu ni bei ya soko, ambayo Tanzania iliifikia baada ya maduka ya kubadilishia fedha kuruhusiwa 1992 na mabenki kuanza kuuziana fedha za kigeni 1994. Kenya nayo iliiachia sarafu yake ielee 1993. Ukateni mstari kila aina ya bei inapobadilika, muanze upya kwa rangi nyingine.

Tena, kila namba inapobadilika mnadhani ni shilingi ya Tanzania peke yake iliyosogea. Wastani wa 1992 ulikuwa kama shilingi 9.2 za Tanzania kwa 1 ya Kenya, wa 1993 ukawa 7.0. Tanzania haikuwa na muujiza wowote mwaka ule, kwani dola ilipanda Dar pia. Ni Kenya iliyoteleza zaidi, kutoka 32 hadi 58 kwa dola. Mapema 2024 ikawa kinyume: dola ilishuka Nairobi kutoka karibu 160 hadi karibu 130 baada ya Kenya kuuza hatifungani (hati ya mkopo wa serikali) mpya Februari na kuanza kulipa ile iliyoiva Juni. Shilingi ya Kenya ikaruka kutoka chini ya 16 za Tanzania hadi karibu 20. Kichwa chenu cha habari kikadai ya Tanzania imeporomoka, ilhali kwa dola ilikuwa imesogea kidogo tu.

Na hili la bei za dirishani, kwa kuwa nimeshaanza. Juzi hapa Holili, mpakani na Kenya, dereva wa lori alimfokea karani wa duka moja, simu mkononi, jedwali lenu limefunguka, akidai anaibiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba namba ya gazeti ni ya katikati, kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Tuseme Dar inanunua dola kwa 2,500 na kuiuza kwa 2,560, Nairobi inanunua kwa 128 na kuuza kwa 130. Shilingi ya Kenya, kwa kupitia dola, itanunuliwa kwa 2,500 gawa kwa 130, yaani 19.23, na itauzwa kwa 2,560 gawa kwa 128, yaani 20. Kwa shilingi 100,000 za Kenya hilo ni pengo la shilingi 77,000 za Tanzania, na duka bado halijaongeza faida yake. Mabao ya bei madukani nayo ni aibu: mengine yana bei ya juzi, mengine yameandika kununua na kuuza bila kusema anayenunua ni duka au mteja.

Kwa hiyo juu ya kila jedwali la aina hii andikeni, kwa herufi kubwa kama za kichwa cha habari: ni bei rasmi au ya soko, ni wastani wa mwaka au ya Desemba 31, ni ya kununua, ya kuuza au ya katikati, na imepitia dola au haikupitia. Nafasi ikikosekana, ondoeni ile picha ya noti zilizotandazwa kama feni. Tumeshaiona vya kutosha.

Msomaji wenu,
Holili, Kilimanjaro