Mlimsuka mbwa rasta, habari mkaitupa

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 19 nikiwa kwenye kibanda changu cha supu karibu na Soko la Wakulima hapa Nakuru, na sijawahi kukuandikia. Hata mlipokosea jina la mtaa wetu mara mbili nilinyamaza. Lakini ile habari yenu ya utafiti wa mbwa wa Uskoti wanaotulizwa na reggae imenishinda. Mlichora mbwa wa rasta na miwani myeusi, mkasema Wazungu wamekosa kazi, basi. Mteja wangu mmoja alicheka hadi akapaliwa na supu. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mwaka 2017 watu wa Chuo Kikuu cha Glasgow pamoja na shirika la kutetea wanyama la Uskoti walieleza kwamba muziki ukichezwa, mbwa wa kwenye makao ya mbwa wasio na wenyewe hujilaza kwa muda mrefu zaidi, na mapigo ya moyo yao huonyesha utulivu, hasa kwa reggae na roki laini. Mnaona ni mzaha kwa sababu hamjawahi kusimama kati ya vizimba wakati wa chakula. Kelele zile hupita desibeli 100. Mimi nikitoka huko husikia mluzi masikioni hadi jioni.

La maana zaidi mlilipa mstari mmoja. Ilibidi mpwa wangu anayesomea mifugo kule Njoro anisomee mengine kwenye simu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mkojo wa mbwa 207 kutoka makao 5 (naam, kuna mtu aliyewafuata na kikombe, mngemchora huyo). Mbwa akilala nyumbani kwa mtu usiku mmoja au miwili, kotisoli hushuka. Akirudishwa, hupanda tena hadi pale ilipokuwa. Haizidi pale. Hilo la mwisho ndilo nililohitaji, Mhariri, nanyi mkaliacha ili rasta zitoshee.

Nitakwambia kwa nini. Kila Jumamosi hupeleka mifupa kwenye makao fulani ya mbwa, sitayataja. Kulikuwa na mmoja wa rangi ya maziwa ya chai, sikio moja limekatika. Alizunguka kizimbani kwa upande uleule mmoja mpaka saruji ikang'aa mahali anapopita, na mguu wa mbele alikuwa ameulamba hadi nyama nyekundu inaonekana. Mvua ya Aprili ilipofurika vizimba, kijana anayewahudumia aliniomba nimhifadhi siku mbili. Mbwa yule alifika, akanusa jiko, akaangukia gunia la makaa, akalala. Saa kumi alasiri mpaka kesho yake saa mbili asubuhi! Mama watoto aliamka mara tatu usiku kumwekea mkono mbavuni aone kama anapumua. Jumatatu nikamrudisha. Wiki iliyofuata nikaomba nimchukue tena, msimamizi akakataa. "Mzee, mwonja asali haonji mara moja. Utamzoesha nyumba kisha umrudishe hapa, huo ni ukatili." Sikuwa na la kujibu, maana ni kweli Jumatatu ile alizunguka. Lakini hata kabla sijamchukua alikuwa akizunguka! Nilirudi na kamba yangu mkononi kama mwizi wa mbuzi. Leo ninalo jibu, na si ninyi mlionipa.

Na tusijifanye shida iko kwenye makao tu. Jirani yangu amemfungia wake kwenye kibanda cha mabati asubuhi hadi saa moja usiku, jua lote la Nakuru, halafu getini ameandika "Mbwa Kali". Kwanza ni mbwa mkali, Kiswahili kina wenyewe. Pili, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa alishindwa kumtoa, kwa sababu hajawahi kumgusa. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa ugonjwa unakatika, na serikali yetu imeahidi kwamba kufikia 2030 hakuna Mkenya atakayekufa kwa ugonjwa huo unaotokana na mbwa. Mbwa ambaye hata mwenyewe anamwogopa atachanjwa na nani, malaika?

Ninachotaka ni kidogo. Chapisheni matokeo ya kotisoli ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule wa mbwa mwenye rasta, nimbandikie msimamizi mlangoni. Na huyo mwandishi wenu mcheshi aje Jumamosi saa tisa, twende naye kuomba mbwa mmoja, akae naye hadi Jumatatu. Redio aje nayo. Gunia nitampa mimi.

Muuza supu,
Free Area, Nakuru