Umeme wa jua visiwani usiishie kwenye balbu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa visiwa vya Ziwa Victoria tunaliona kila siku, lakini ambalo katika mijadala ya umeme vijijini hutajwa kwa kupita tu. Serikali imekwisha kutangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na sasa nguvu imeelekezwa kwenye vitongoji, ambavyo ni 64,359. Ni hatua kubwa, na asiyeishukuru hakuwahi kusoma kwa kibatari. Hata hivyo, Ukerewe ni wilaya ya visiwa 38, vingine vikiwa na mwalo mmoja wa kushushia samaki na vibanda vya mabati vya wavuvi, na sioni ni lini nguzo na nyaya zitavuka maji hadi huko. Umeme wa huko ni wa jua, na kwa kweli umekwisha kufika. Ninachouliza ni kwamba umefika kufanya kazi gani.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa, nawanunua kwenye mialo na kuwauza katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nilipoanza biashara hii, usiku wa giza ziwa lote liliwaka karabai, na gharama ya mafuta ya taa ilikatwa kwanza kabla wavuvi hawajagawana kilichobaki. Leo karabai zimepungua sana. Wavuvi wanatumia taa za betri, ambazo huchajiwa mchana kwa paneli iliyowekwa juu ya kibanda, au hukodishwa kwa usiku mmoja kutoka kwa mwenye kituo cha kuchaji. Hakuna aliyewahubiria habari za mabadiliko ya tabianchi. Walipiga hesabu ya mafuta, wakaamua wenyewe.

Taabu yetu huanza alfajiri, mitumbwi inaporudi. Dagaa wengi bado huanikwa mchangani, wachache kwenye chanja, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo mzigo unaanza kuoza, kisha unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hasara hiyo huwaangukia zaidi akina mama, kwa kuwa wao ndio wanaoanika, wanaogeuza na wanaokusanya. Dawa yake haihitaji mtambo mkubwa: ni nyumba ya nailoni angavu yenye trei za wavu na feni ndogo za kutoa hewa yenye unyevu, zinazoendeshwa moja kwa moja na paneli bila hata betri. Siku ya mawingu dagaa watachelewa kukauka, lakini hawatalowa wala kuchanganyika na mchanga, na dagaa asiye na mchanga hupata mnunuzi mwingine kabisa sokoni. Sato na sangara nao wanangoja barafu inayosafirishwa kwa boti kutoka Mwanza. Boti ikichelewa, mvuvi anauza kwa bei yoyote anayotajiwa.

Hapa ndipo lazima tutofautishe sola na sola. Mtambo wa nyumbani unaolipiwa kidogo kidogo kwa simu huwasha balbu tatu au nne, huchaji simu na pengine televisheni ndogo. Mashine ya kusaga ya nguvu za farasi 10 inataka takriban kilowati 7.5, na inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo. Kazi kama hiyo inahitaji gridi ndogo ya kijiji, yaani mtambo mmoja wa sola unaogawia umeme nyumba nyingi kwa nyaya, mfano wa ile iliyoanza kisiwani Ukara mwaka 2016. Lakini gridi ndogo ina tatizo lake ambalo wengi hatulijui. Paneli huzalisha kwa wingi saa sita mchana, wakati watu wako ziwani na mashambani, na umeme mwingi hauna mtumiaji. Jioni kila nyumba inawasha taa kwa pamoja, na umeme huo lazima utoke kwenye betri, ambazo ni ghali na ndizo zinazochakaa mapema. Kwa hiyo kijiji chenye balbu tupu kinalipia sehemu ya mtambo iliyo ghali kuliko zote, huku umeme wa mchana ukipotea bure. Ikiwepo mashine ya kusaga, ya barafu, ya kuchomelea au pampu ya kumwagilia bustani, ule umeme wa mchana unalipiwa, na mzigo wa gharama unapungua hata kwa bibi mwenye balbu moja.

Mwaka 2020 wenye gridi ndogo walielekezwa kutoza Sh100 kwa uniti, sawa na bei anayolipa mtumiaji mdogo wa TANESCO. Kama mnunuzi wa umeme nafurahia bei hiyo, na sioni haki kwa mkazi wa kisiwani kulipa mara nyingi zaidi ya mkazi wa mjini. Kama mfanyabiashara, hata hivyo, najua kwamba anayeuza chini ya gharama hajengi duka la pili. Pengo hilo lijazwe kwa ruzuku iliyo wazi, ama sivyo tusishangae wawekezaji wakikaa pembeni.

Ombi langu kubwa ni mikopo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sijui fedha ipi ingefaa zaidi kununua nyumba za kukaushia dagaa na majokofu ya sola. Ila marejesho yafuate mwezi wa angani, si kalenda ya ofisini. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, fedha hakuna, na kikundi kinachodaiwa rejesho wiki hiyo kitaonekana mdaiwa sugu ilhali siku chache baadaye kingelipa bila kusukumwa.

Jambo la mwisho ni mafundi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua paneli na betri katika duka moja la mjini kwa maneno matamu. Betri ilikufa kabla ya mwaka kwisha, na fundi wa karibu alikuwa ng'ambo ya maji, nauli yake ikikaribia bei ya kazi yenyewe. Kinyasini, Unguja, wanawake wa vijijini, wengine wakiwa na elimu ndogo ya darasani, wamefundishwa kufunga na kutengeneza mitambo ya sola na kurudi kuhudumia vijiji vyao. Kwa nini kila mwalo wetu usiwe na mama mmoja au wawili wa namna hiyo?

Naziomba halmashauri yetu na Wakala wa Nishati Vijijini zikae pamoja, zichague mwalo mmoja, zijenge hapo nyumba ya kukaushia yenye fundi wake, na zifanye hivyo kabla masika hayajaanza.

Mchuuzi wa dagaa,
Nansio, Ukerewe