Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri: vikundi visiundwe ofisini

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Dirisha la mikopo ya asilimia kumi, ile inayotokana na mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, likikaribia kufunguliwa, mambo huwa yaleyale. Mtendaji wa kata anaambiwa apeleke vikundi, naye anawaambia wenyeviti wa mitaa. Siku chache baadaye majina yamepatikana na katiba imenunuliwa steshenari ikiwa na nafasi za kujaza jina, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Watu wenyewe wanakutana kwa mara ya kwanza siku ya kusaini.

Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikiwa zimeonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ilipofunguliwa tena mwaka 2024, uhakiki uliongezwa. Ni jambo jema, ila uhakiki unakamata majina ya uongo tu. Kikundi chenye watu halisi ambao hawana chochote kinachowaunganisha kinapita bila shida, kinagawana mkopo sawa kwa sawa jioni ileile, na ifikapo rejesho la pili kila mtu anamtazama mwenzake.

Sisi tunaoandika ni wakufunzi wa vikundi vya kuweka na kukopa. Hatupingi usajili, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii daraja la nne la watoa huduma hizo na usajili wake unapitia kwenu. Tunachoomba ni ofisi yako iache kuunda vikundi, iache na kuviandikia katiba. Kazi hiyo ni ya wanachama, na tungependa uone kwa undani kwa nini haifanyiki kwa fomu.

Anza na bei ya hisa. Kwenye vikundi vingi mwanachama hununua hisa moja hadi tano kila mkutano. Wanaojuana huuliza kwanza: mwenzetu mwenye kipato kidogo kuliko wote ataweza ngapi mwezi Februari, ghala likiwa tupu na ada za shule zimeshalipwa? Akisema shilingi 2,000, hisa ni 2,000, na mwenye uwezo atanunua tano kwa 10,000. Kikundi cha watu 20 kinaweza kuweka kati ya shilingi 40,000 na 200,000 kwa wiki. Fomu ikija na hisa ya 5,000, walio chini wanaanza kukosa mikutano, faini zinawarundikia, kisha wanatoka, na wanaobaki ni wale ambao hata benki ingewapokea. Bei hiyo inaamua kikundi ni cha nani, na Afisa Maendeleo ya Jamii hawezi kuijua akiwa mezani kwake.

Riba nayo huvunja vikundi vingi, hasa Pwani. Fomu ina mstari wa "riba asilimia … kwa mwezi". Mwanachama Mwislamu anayeepuka riba anaujaza kwa sababu bila kuujaza hasajiliwi, kisha hakopi, na mwisho wa mwaka anapata mgao wenye riba ambao dhamiri yake inaukataa. Vikundi vilivyoachiwa nafasi vimepata njia. Kuna vinavyokopesha bila nyongeza yoyote, na faini zote zinaingia mfuko wa jamii, yaani ule wa kusaidiana kwenye misiba na shida. Vingine hununua mali, mfano cherehani, vikaimiliki kwanza, kisha vikamuuzia mwanachama kwa awamu kwa bei iliyotajwa wazi siku ya makubaliano. Hapo angalizo ni moja: kumpa mwanachama fedha akanunue mwenyewe halafu adaiwe zaidi ni mkopo wa riba uliobadilishwa jina, na wanachama wanalijua hilo kabla ya mkaguzi. Kikundi kingine, kwa wanachama wa dini yoyote, kitachagua asilimia 5 au 10 bila kinyongo. Njia zote hizi ni sawa zikikubaliwa na waliomo.

Mfuko wa jamii nao una hesabu zake. Wanachama 20 wakichanga shilingi 500 kila wiki, ni 10,000 kwa wiki na 520,000 kwa mwaka. Katiba ya kunakili husema rambirambi ni 200,000. Msiba ukitokea wiki ya nne, mfuko una 40,000. Viongozi wanachota kwenye hisa ili wasiaibike, na kuanzia hapo hakuna anayejua fedha ipi ni ya nani. Kikundi kinachojadiliana huweka kiwango kinachopanda kadiri mfuko unavyokua, hutunza fedha hizo kwenye mfuko wake wa kitambaa ndani ya sanduku la fedha za kikundi, na hutaja kwa jina wanaohusika: mwenza, mtoto, mzazi, mkwe. Vipi mke wa pili? Vipi mtoto wa ndugu anayelelewa nyumbani? Mjadala huu unaweza kula mikutano miwili mizima, na uacheni uile. Hapo ndipo watu wanagundua kama wanaweza kukaa pamoja, na wasioweza wanaondoka mapema bila deni.

Usalama wa sanduku hauhitaji maneno mengi. Kufuli tatu, washika funguo watatu wasio viongozi wala wa nyumba moja, na sanduku lifunguliwe mkutanoni tu. Kosa la kawaida ni mshika funguo kusafiri na kumwachia mwenyekiti ufunguo. Aukabidhi mbele ya mkutano kwa mwanachama wa kawaida.

Nchi hii ilishalipa ada ya somo hili. Huko Songea, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoanzia kijiji cha Litowa, kiliunganisha vijiji ambavyo wakazi wake walijiunga kwa hiari na kupanga kazi na mapato kwenye mikutano yao. Ni ujamaa uleule ambao Azimio la Arusha la 1967 liliutaka. Septemba 1969 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikivunja na mali zake zikachukuliwa. Miaka michache baadaye ikaja Operesheni Vijiji: mamilioni walihamishwa, wengi kwa amri na malori. Vijiji vilipatikana. Moyo wa Litowa haukupatikana, na nguvu ya dola haikuwa na namna ya kuutengeneza.

Kwa hiyo, Mkurugenzi, tunaomba haya. Watendaji wasipewe idadi ya vikundi vya kupeleka. Idadi hiyo ndiyo mama wa vikundi hewa. Fomu ya katiba ibadilishwe iwe orodha ya maswali ambayo kikundi kinajibu kwa maneno yake. Kabla ya mkopo, afisa aangalie daftari la angalau miezi mitatu ya mikutano, na ashangae akikuta hakuna faini hata moja, kwa sababu daftari safi namna hiyo mara nyingi limeandikwa usiku mmoja. Amwombe mwanachama yeyote, asiye kiongozi, aeleze bei ya hisa na kiasi kilichomo sandukuni. Viongozi wachaguliwe kwa kura ya siri, kokoto zinatosha, pasipo mtendaji wala diwani chumbani.

Na mkopo ukitoka, uwiane na kiasi ambacho kikundi kimeshazoea kuzungusha. Waliozoea milioni mbili wakipewa ishirini, nidhamu yao ya hisa inakufa, maana hakuna atakayehangaika na shilingi 2,000 za Jumamosi. Waanze na milioni tatu au nne, wakirejesha waongezewe.

Tuko tayari kukaa na maafisa wa kata zote kabla ya dirisha lijalo, siku nzima, na rasimu ya maswali hayo tunayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wakufunzi wa vikundi vya kuweka na kukopa