Risala ya Familia Zinazouguza Wagonjwa wa Akili kwa Mgeni Rasmi, Dodoma, 10 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, viongozi wetu wa dini, waganga na wauguzi mliopo, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya kikundi chetu, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu katika maadhimisho haya ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 10 Oktoba tangu mwaka 1992. Tunakushukuru kwa namna ya pekee kwa sababu, pamoja na majukumu mengi uliyonayo, hukutuma mwakilishi bali umekuja mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilianzia kwenye benchi. Tulikuwa wanawake saba tuliokutana kila mwezi tukiwasubiri ndugu zetu wachomwe sindano, na kwa muda mrefu tulikuwa hatusalimiani, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kutambuliwa mtaani kwake. Siku moja mama mmoja alifungua pindo la kanga yake atoe nauli, vidonge vikamwagika sakafuni. Tuliinama sote kuviokota, na sote tulivijua, maana kila mmoja wetu alikuwa navyo nyumbani, vimefichwa. Yeye alivifunga kwenye kanga ili jirani zake wasimwone akirudi na bahasha ya dawa. Mwingine akatuonyesha kadi ya kliniki ya mwanawe, aliyoivalisha jalada la daftari la shule. Tulianza kuzungumza siku hiyo, na hatujaacha.

Jambo tunalotaka kulifikisha kwako leo ni lawama. Mtu akivunjika mguu, watu huuliza ameangukia wapi na amelazwa wapi. Akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, watu huuliza ni nani aliyemroga, au alimdhulumu nani, au wazazi wake walikiuka mwiko gani. Kikao cha ukoo kikiitishwa kulitafuta jibu, jibu halikosi kupatikana. Mkwe atatajwa, au mama wa kambo, au jirani mwenye duka linalouza sana. Mama aliyejifungua salama, kisha akachanganyikiwa siku chache baadaye, ataambiwa kwamba alitoka nje ya ndoa akiwa mjamzito, na atatakiwa aungame huku hajui hata amelala wapi. Wataalamu wanatueleza kwamba hali hiyo huwapata mama mmoja au wawili katika kila elfu wanaojifungua, popote duniani, na kwamba inatibika kabisa. Katika kikundi chetu yumo mama aliyepona, lakini ndoa yake haikupona.

Kuhusu bangi, hatutaki kuficha ukweli. Inaweza kuchochea ugonjwa kwa baadhi ya vijana, na sisi wenyewe tunawakanya watoto wetu. Ila kwa sasa kila kijana anayeugua huhesabiwa kuwa amejitakia, hata yule ambaye hajawahi kuigusa, na lawama hiyo huwapa watu ruhusa ya kumpiga mawe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, niruhusu niseme yaliyotukuta nyumbani kwetu. Mdogo wangu aliugua akiwa na miaka ishirini na miwili, umri ambao vijana wengi huanza kuugua maradhi ya namna yake. Alianza kwa kutolala, kisha akakataa chakula akisema kimewekwa kitu. Tulimpeleka kwa mganga wa kienyeji, tukauza ng'ombe wawili, na mganga akatutajia mtu: shangazi yetu, dada yake baba, aliyetulea baada ya mama kufariki. Alituhudumia huyo kwa uwele alioutwanga kwa mikono yake. Tuliamini. Baba alimkataza asikanyage uani kwetu, na sisi watoto tukikutana naye njiani tulivuka upande wa pili. Mdogo wangu naye tulimfunga mnyororo kwenye nguzo ya banda la mbuzi, na kisigino chake cha kulia kina kovu la mnyororo huo hadi leo. Ilipita miaka minne kabla hajafikishwa kwa daktari. Ndani ya wiki chache za matibabu alianza kulala, na ndani ya miezi michache alirudi kuwa mtu tunayemjua. Sasa anatengeneza baiskeli sokoni, anachomwa sindano kila mwezi, na ndiye aliyeniambia nisimulie haya mbele yako.

Shangazi alifariki kabla hatujaenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimeshanunua kitenge cha kumpelekea.

Nimejifunza baadaye kwamba dawa ya kwanza ya maradhi kama ya mdogo wangu ilianza kutumika huko Ufaransa mwaka 1952. Ina maana kwamba tulipokuwa tukikaza kufuli la mnyororo ule, tiba ilikuwapo duniani kwa zaidi ya nusu karne, na ilikuwapo katika mji huu huu, mwendo wa basi moja kutoka kijijini kwetu. Hakuna aliyetuzuia kwenda. Tulizuiwa na jibu tulilokuwa nalo tayari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi wa Dodoma tuna deni la ziada katika jambo hili. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe ipo kwetu tangu mwaka 1927 na imewarudishia maelfu ya Watanzania maisha yao, lakini nchi nzima jina lake limekuwa tusi. Mwanafunzi akiropoka darasani huambiwa apelekwe Mirembe, na mwanasiasa akiwa jukwaani humwambia mpinzani wake akapimwe huko, watu wakacheka. Kwa Kiganda neno hilo hilo maana yake ni amani. Sisi tunaokaa nalo karibu tunaona kazi inayofanywa na kicheko hicho: binti wa mmoja wetu alivunjiwa posa wiki mbili kabla ya mahari kupelekwa, baada ya upande wa pili kusikia kwamba kaka yake aliwahi kulazwa. Tunakuomba, katika mikutano yako ya hadhara, ulikemee tusi hilo kama unavyokemea matusi mengine, na uwaagize viongozi walio chini yako wafanye hivyo.

Ombi letu la pili linahusu dawa katika zahanati na vituo vya afya. Dawa zikikosekana kwa mwezi mmoja, mgonjwa aliyekuwa ametulia huanza tena kuhangaika, na siku hiyo hiyo majirani husema: mnaona, huu haukuwa ugonjwa wa hospitali. Yote tuliyoyaeleza kwa mwaka mzima hufutika. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua kwamba mtu huyu ni mgonjwa mwenye haki ya kutibiwa, na sisi tunaomba haki hiyo ionekane kwenye rafu ya zahanati.

Tatu, Mheshimiwa, ni jambo lililo juu ya mamlaka yako, lakini tunaomba utufikishie. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa la jinai. Familia hujikuta zikimficha kijana wao na kudai kwamba amekunywa sumu kwa bahati mbaya, na kwa kumficha asionwe na polisi wanamficha asionwe na daktari pia. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba yao. Tungependa chetu nacho kiangaliwe upya.

Kwa viongozi wetu wa dini tuna ombi dogo. Waombeeni wagonjwa wetu, tunalihitaji hilo, na mkimaliza kuomba muwaambie wasiache dawa. Neno hilo likitoka kwenu linasikilizwa kuliko likitoka kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii utakabidhiwa kikapu cha ukindu. Kimefumwa na wanakikundi wawili ambao wamekuwa wakitibiwa kwa miaka kadhaa, na wote wawili wamo humu ukumbini. Tulipanga wakukabidhi wao wenyewe, lakini jana jioni walikuja kutuomba wasiitwe mbele, kwa kuwa wenye nyumba wanazopanga nao wamealikwa. Tumewakubalia, na kikapu utapokea kutoka kwa mwenyekiti wetu.

Tunaomba kuwasilisha.